Mita Tatu za Shamba la Babu

Najua nimekaa kimya siku nyingi, na nasikia wengine mmeanza kusema kwamba nimenogewa na maisha ya kwa Madiba hadi nimesahau nyumbani. Sijasahau. Mimi ni mzima, bado nipo kwenye kile chumba changu cha uani hapa Sydenham, Durban. Joto na unyevunyevu ni ule ule, na ikifika mwisho wa mwezi chakula changu bado ni ule mkate unaotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage.

Leo siwapi habari za maisha. Nataka kuwasimulia historia ya hesabu moja. Tafadhali msikimbie! Najua wengi wetu tulipoona pepa ya hisabati tulikuwa tunaandika namba ya mtihani na kuanza kusali. Lakini vumilieni hadi mwisho, kwa sababu hesabu yenyewe inahusu shamba la babu kule Kasulu, na zile mita tatu zilizofanya mama yangu na baba mkubwa wasisalimiane tangu mwaka jana.

Ilianza hivi. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye sisi wapangaji wote tunamwita Anti, ni wa ukoo wa wale Wahindi walioletwa Natal kulima miwa kuanzia mwaka 1860. Binti yake yupo mwaka wa kwanza chuoni, anasomea upimaji wa ardhi. Kila jioni meza ya jikoni inajaa makaratasi yenye mabano makubwa, na ndani ya mabano namba zimepangwa kwa safu kama askari kwenye gwaride. Hizo ndizo matriksi. Anachukua safu moja, anaizidisha, anaitoa kwenye safu nyingine, anafuta, anaanza tena. Jioni moja akatupa kalamu mezani akaniuliza, "Hivi nani aliyebuni mateso haya, na kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Sisi matriksi tulizisoma kidato cha nne. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia zimetoka wapi. Nikaona aibu kidogo, nikaanza kutafuta. Nilichokipata kimeninyima usingizi kwa sababu nyingine kabisa.

Kwanza niwaeleze hesabu yenyewe. Tuseme kuna vitu viwili au vitatu usivyovijua, na una taarifa kadhaa zinazovichanganya. Kila taarifa ni mlinganyo mmoja. Njia yenyewe ni kuviondoa visivyojulikana kimoja kimoja, kwa kutoa taarifa moja kwenye nyingine, mpaka kibaki kimoja peke yake. Hicho ukishakijua, unarudi nyuma na kuvipata vingine. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo.

Sasa sikilizeni. Miaka kama elfu mbili iliyopita, wakati wa utawala wa Han kule China, kulikuwa na kitabu kinachoitwa Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Hesabu. Hakikuwa kitabu cha mashindano. Kilikuwa cha kazi: kupima mashamba, kubadilishana nafaka, kugawana mali, kukokotoa kodi. Sura ya nane inaitwa fangcheng, na swali lake la kwanza ni la nafaka. Kuna mafungu ya mavuno ya aina tatu: bora, ya wastani na duni. Mafungu 3 bora, 2 ya wastani na 1 duni yanatoa vipimo 39 vya nafaka. Mafungu 2 bora, 3 ya wastani na 1 duni yanatoa vipimo 34. Fungu 1 bora, 2 ya wastani na 3 duni yanatoa vipimo 26. Je, fungu moja la kila aina linatoa kiasi gani?

Wachina hawakuandika herufi kama sisi tunavyoandika x na y. Walitumia vijiti vidogo vya kuhesabia, wakavipanga kwenye ubao au juu ya meza. Wao waliziweka namba za kila taarifa kwa kusimama, sisi leo tunazilaza, lakini ni kitu kile kile:

3  2  1  39
2  3  1  34
1  2  3  26

Safu ya pili wakaizidisha mara 3, ikawa 6, 9, 3, 102. Wakaitoa safu ya kwanza mara mbili. Ikabaki 0, 5, 1, 24. Mnaona? Mafungu bora yametoweka. Safu ya tatu nayo wakaizidisha mara 3 na kuitoa safu ya kwanza mara moja, ikabaki 0, 4, 8, 39. Sasa zimebaki aina mbili tu. Safu hii ya tatu wakaizidisha mara 5, wakaitoa ile ya pili mara nne, ikabaki 0, 0, 36, 99. Yaani mafungu 36 duni ni vipimo 99, kwa hiyo fungu moja duni ni vipimo 2 na robo tatu. Ukirudi nyuma utapata la wastani ni 4 na robo, na bora ni 9 na robo. Chukueni karatasi mhakikishe, sijawadanganya.

Katika kutoatoa huko wakati mwingine wanakutana na namba iliyo chini ya sifuri. Hawakushtuka. Mwaka 263 mwanahisabati Liu Hui aliandika maelezo ya kitabu hicho, akasema vijiti vyekundu viwe namba chanya na vyeusi viwe namba hasi. Na huko Ulaya, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, bado kulikuwa na wasomi waliozikataa namba hasi wakiziita za upuuzi!

Nilipomwonyesha binti wa Anti vile vijiti vya Wachina akacheka, akasema, "Kumbe kazi yangu ya nyumbani ina miaka elfu mbili." Lakini swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi. Kwa nini mpima ardhi alazimishwe kujua kugawa nafaka?

Hapo ndipo tunaingia Ulaya. Isaac Newton aliona kwamba vitabu vya aljebra vya wakati wake havikufundisha vizuri namna ya kuondoa visivyojulikana, akaiweka kwenye masomo yake, na kitabu kikachapishwa mwaka 1707. Ila aliyeifanya njia hii kuwa kazi ya kila siku ni Mjerumani Carl Friedrich Gauss.

Tarehe 1 Januari 1801 mtawa Giuseppe Piazzi wa Palermo, Sicilia, aliona nukta mpya angani, ikaitwa Ceres. Aliifuatilia kwa siku zipatazo 40, kisha ikapotelea kwenye mwanga wa jua. Wanaanga wote wakabaki wanakuna vichwa: itatokea wapi tena? Gauss alikuwa na miaka 24. Alichukua vile vipimo vichache, akakokotoa njia yake, na mwisho wa mwaka ule ule Ceres ikaonekana tena karibu kabisa na pale aliposema.

Kinachonigusa mimi ni tatizo alilokutana nalo. Vipimo havikubaliani. Ukipima kitu kimoja mara tano utapata majibu matano, si kwa sababu wewe ni mwongo, ila mkono hutetemeka, hewa hucheza, chombo kina kasoro. Ukiwa na vipimo vingi kuliko visivyojulikana, hakuna jibu linalovitosheleza vyote. Ufanye nini? Uchague unachokipenda, utupe vingine?

Jibu lao lilikuwa hili: usitupe hata kimoja. Tafuta jibu ambalo, ukichukua kosa la kila kipimo, ukalizidisha kwa lenyewe na kujumlisha yote, jumla hiyo ni ndogo kuliko ya jibu jingine lolote. Ukizidisha kosa kwa lenyewe, kosa kubwa linaadhibiwa sana, kwa hiyo hakuna kipimo kimoja kinachobebeshwa mzigo wote. Na ukifuata kanuni hiyo, unajikuta na milinganyo ya namna ile ile ya nafaka ya Wachina, idadi yake sawasawa na visivyojulikana, inayosubiri kuondolewa kimoja kimoja. Gauss alipanga utaratibu wa kufanya hivyo kwa mkono, hatua kwa hatua, katika maandishi yake ya mwaka 1809 na ya miaka iliyofuata.

Tena hata hao wakubwa waligombania mpaka! Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1805. Gauss mwaka 1809 akasema yeye amekuwa akiitumia tangu 1795. Legendre alikasirika kweli kweli. Kwa hiyo msione aibu, ugomvi wa "hiki ni changu" hauko Kasulu tu.

Baadaye Gauss akapewa kazi ya kupima nchi ya Hanover. Alizunguka miaka ya 1820 akipanda vilima na kupima pembe. Wajerumani waliokuwa na noti ya marki 10 kabla ya yuro walikuwa na sura yake upande mmoja, na upande wa pili kipande cha mtandao wa pembetatu zake. Kupima nchi ndio kulikoifanya hesabu hii ihitajike kila mahali, na sababu ni rahisi. Huwezi kuburuta kamba kutoka mji mmoja hadi mwingine. Unapima mstari mmoja kwa uangalifu mkubwa, kisha unapima pembe tu, kilima hadi kilima, pembetatu juu ya pembetatu. Pembe tatu za pembetatu lazima zifike nyuzi 180 (na kachembe kidogo zaidi, kwa sababu dunia ni duara). Lakini ukijumlisha ulichopima, hazifiki sawasawa. Kila pembetatu ina kosa lake, na kila pembetatu imeshikana na jirani zake, kwa hiyo huwezi kurekebisha moja bila kugusa nyingine. Inabidi uzirekebishe zote kwa pamoja. Hapo ndipo milinganyo inakuwa makumi kwa makumi. Na ukiongeza visivyojulikana mara mbili, kazi ya kuviondoa inakuwa karibu mara nane. Watu walikaa mezani miezi na miezi, kalamu na vitabu vya logi, wakifanya yale yale anayolalamikia binti wa Anti.

Mpima ardhi mwingine wa Kijerumani, Wilhelm Jordan, aliyewahi kusafiri kwenye jangwa la Libya mwaka 1873 hadi 1874, aliandika kitabu kikubwa cha upimaji. Katika toleo la mwaka 1888 alieleza namna ya kuendelea kufuta, chini na juu, mpaka kila safu ibaki na kisichojulikana kimoja tu. Ndiyo maana wanafunzi leo wanaiita njia ya Gauss na Jordan. Wachina wa vijiti hawatajwi kwenye jina.

Sasa tuje hapa nilipo. Ukitoka Sydenham kuelekea mjini unaweza kupita barabara iliyokuwa ikiitwa Sydenham Road, siku hizi John Zikhali Road, pembeni mwa bustani ya mimea ya mwaka 1849. Huku juu kwenye kilima cha Berea, mwaka 1882, koloni la Natal lilifungua kituo cha kutazama nyota chini ya Edmund Nevill, kwa wakati wa kuiangalia sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 6 Desemba mwaka huo. Kituo kilifungwa mwaka 1911. Nimepita eneo hilo mara nyingi nikiwa na mifuko yangu ya sokoni bila kujua lolote.

Mwaka uliofuata, 1883, hapa hapa Natal, Kapteni Morris wa jeshi la Uingereza na watu wake walianza kupima nchi kwa pembetatu hizo. Aliyeisimamia kazi alikuwa David Gill, mwanaanga mkuu wa Cape tangu 1879. Waliendelea Natal na Cape hadi 1892. Na Gill alikuwa na ndoto kubwa kuliko Natal: mnyororo mmoja wa pembetatu kando ya mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ili kujua umbo halisi la dunia na ili ramani za bara zima zishikane.

Jamani, chukueni ramani muangalie nyuzi 30 mashariki inapita wapi. Inapita katikati ya Kigoma mjini na Kasulu! Mimi niliposoma hivyo nilisimama. Nilikuwa nadhani nimekwenda mbali sana na nyumbani, kumbe mimi na nyinyi tuko karibu kwenye mstari mmoja. Sydenham iko karibu nyuzi 31, Kasulu imepita 30 kidogo tu. Kama ningeweza kutoka hapa uani nikatembea kaskazini bila kupinda hata kidogo, ningefika usawa wa Kasulu nikiwa nimewakosa kwa kilomita kama 100 tu upande wa mashariki.

Mnyororo wenyewe ulichukua miaka mingi. Kipande cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 hadi 1909. Cha Tanganyika, magharibi ya nchi yetu, kilipimwa na Martin Hotine na kundi lake kati ya 1931 na 1933. Kipande cha mwisho, cha Sudan, kilimalizika mwaka 1954. Gill alikuwa amekufa miaka 40 kabla. Majina yaliyobaki vitabuni ni ya maofisa. Wapagazi waliopandisha vyombo vizito vilimani hatusomi majina yao, ingawa bila mabega yao kusingekuwa na pembe hata moja ya kurekebisha.

Na baada ya kupima ikaja meza. Pembe zote hizo ziliingizwa kwenye milinganyo na makosa yakagawanywa. Matokeo yake yaliyotumika kwenye ramani za Tanzania, Kenya na Uganda yanaitwa Arc 1960, na mahali hesabu yake inapoanzia ni Buffelsfontein, karibu na mji wa Port Elizabeth ambao sasa unaitwa Gqeberha. Kwa hiyo ramani zile za zamani za serikali, za Kigoma hadi Mtwara, hesabu yake imeanzia kwenye alama iliyoko huku huku Afrika Kusini. Waafrika Kusini wenyewe walihamia mfumo mpya, unaotegemea vipimo vya anga za juu, mwaka 1999.

Mashine zilipokuja, kuna waliozitilia shaka. Mwaka 1943 Harold Hotelling wa Marekani alikokotoa kwamba makosa madogo ya kukata desimali yanaweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa, mpaka jibu lote liharibike. Watu wakaogopa. John von Neumann na Herman Goldstine mwaka 1947, kisha Alan Turing mwaka 1948, wakachunguza wakaonyesha kwamba hofu ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Hiyo njia ya zamani ni imara, ukiifanya kwa uangalifu. Leo simu uliyoshika, ukiiuliza uko wapi, inasikiliza setilaiti nne au zaidi, vipimo vyake havikubaliani kabisa, nayo inatatua milinganyo ya aina hii kufumba na kufumbua. Haiwatukani setilaiti.

Sasa nisogee kwenye lililonikosesha usingizi.

Mnakumbuka mwaka jana. Babu aliacha shamba, upande wa barabarani baba mkubwa ana kipande chake na mama ana kipande alichoachiwa na marehemu baba. Baba mkubwa akapima chake, akapata mita 62. Mama na mdogo wangu wakapima chetu, wakapata mita 41. Halafu vijana wakapima upande wote kwa mara moja, kutoka mwembe hadi kisima, wakapata 106. Sasa 62 na 41 ni 103. Mita tatu ziko wapi? Sisi tukasema ni dhahiri, kipande chake ni mita 65, ameficha tatu. Yeye akasema waliopima shamba zima wamekosea, kwake ni 62 na kwetu 41, basi. Na mimi, nikiwa huku Durban, sijaliona shamba kwa miaka saba, nikashika simu nikatamka neno ambalo mtoto halitamki kwa baba yake mkubwa. Nilisema ameiba.

Wiki iliyopita nilikaa na karatasi za binti wa Anti, nikaziweka hizo namba. Kipande cha baba mkubwa nikakiita a, chetu b. Vipimo ni vitatu, visivyojulikana ni viwili. Nikafuata kanuni ya Gauss na Legendre, na kwa hesabu ndogo kama hii ni rahisi ajabu. Kwa kila kisichojulikana unajumlisha vipimo vyote vinavyokigusa. Kinachogusa a ni 62 na 106, kwa hiyo a mbili na b moja ni 168. Kinachogusa b ni 41 na 106, kwa hiyo a moja na b mbili ni 147. Nikazipanga safu:

2  1  168
1  2  147

Safu ya pili mara mbili: 2, 4, 294. Toa ya kwanza: 0, 3, 126. Kwa hiyo b ni 42. Nikarudi juu: 168 toa 42 ni 126, kwa hiyo a ni 63.

Tazameni basi. Baba mkubwa alipima 62, jibu ni 63. Sisi tulipima 41, jibu ni 42. Vijana walipima 106, jibu ni 105. Kila mmoja amekosea mita moja. Mita moja tu! Kwa kamba ya katani inayovutika, kwenye mteremko, katikati ya migomba, mita moja ni kitu gani?

Nikapima pia ubishi wetu. Ukichukua msimamo wetu wa 65 na 41, kosa lote la mita tatu linamwangukia baba mkubwa, na tatu mara tatu ni 9. Ukichukua msimamo wake wa 62 na 41, kosa lote linawaangukia vijana, nayo ni 9. Tulikuwa tumekosea sawasawa. Ukiligawa, ni moja na moja na moja, jumla 3.

Nisieleweke vibaya. Hesabu hii inachukulia kwamba vipimo vyote vitatu vinaaminika sawa, na haijui nani ana haki na ardhi. Hapa Durban nimejifunza kwamba mstari unaweza kupimwa vizuri kabisa na bado ukawa dhuluma. Chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi za watu, mistari ilichorwa kwenye ramani safi za jiji hili, na familia zikahamishwa. Hata wale wazao wa watumwa walioachwa huru, walioletwa Durban kuanzia mwaka 1873 wakaitwa Wazanzibari, waliondolewa King's Rest kule Bluff wakapelekwa Chatsworth. Mpima alikuwa sahihi, lakini mstari haukuwa wa haki. Haki tunayo wenyewe kuitafuta, wazee wakae, na ikishindikana lipo baraza la ardhi la kijiji. Ninachosema ni kwamba hesabu imeniondolea kisingizio kimoja: vipimo kutofautiana si ushahidi wa wizi. Watu waliopima bara zima, wenye vyombo vya gharama na kalamu kali, hawakuwahi kupata vipimo vinavyokubaliana. Walijua hivyo kabla hawajatoka nyumbani, wakapanga mapema namna ya kubebana.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mdogo wangu, nimekutumia hela kidogo ya kununua tepu ya chuma, ile ndefu ya mafundi. Msipime peke yenu. Upande mmoja ashike mtoto wa baba mkubwa, upande wa pili ushike wewe, mama na baba mkubwa wawepo wote wawili. Pimeni kila kipande mara tatu na shamba zima mara tatu, muandike kila kipimo hata kile msichokipenda. Kisha nitumieni namba zote. Tutaziweka kwenye safu mimi na binti wa Anti, ambaye ameniambia hii ndiyo kazi ya kwanza ya kweli kupewa maishani na hatachukua malipo, ila ametaka picha ya huo mwembe.

Na wewe mdogo wangu, naomba aya hii umsomee baba mkubwa ukiwa umekaa naye, usimtumie tu kwenye simu.

Baba mkubwa, shikamoo. Mwaka jana nilikuita kwa jina lisilo lako. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na namba tatu zisizokubaliana na hasira ya mtu aliye mbali. Umenisomesha mwaka ule baba alipougua, na mita tatu zilinisahaulisha. Naomba radhi. Desemba, Mungu akipenda, nitakuja mwenyewe nikupigie magoti.

Wengine wote nawasalimu. Anti anawasalimu pia, anauliza kama huko Kasulu mnalima maharage, nikamwambia aje aone.

Wasalaam,
mwenzenu wa Sydenham, Durban.